Hana ni Moja

Rukia binti yangu,

Mamako amelifunga sanduku lako mara tatu na kulifungua mara nne. Sweta ziko chini, dawa ya kikohozi imo ndani ya soksi, na maneno yote ya baridi ya Nairobi, ya watu wa Nairobi na ya kutokula chakula usichojua kimepikwa na nani ameshakwambia. Akiwa amesahau moja, atakwambia kesho stesheni mbele ya kadamnasi. Hapo mimi sina la kuongeza. Nimekaa dukani, mlango nimeurudisha, alasiri imekwisha na magharibi haijafika, na badala ya sindano nimeshika kalamu. Wanijua mimi na kalamu. Nimezoea kuandika vipimo vya viuno vya watu, basi ukikuta mstari umekwenda upande usinicheke.

Kesho jioni treni itakuchukua ukasomee uuguzi, nami ninafurahi sana. Lakini naandika kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Miaka mitatu sasa wewe na mimi tunasemezana kama mteja na fundi. Nikikuita waitika "abee baba," nikikutuma waenda, asubuhi waniamkia na jioni waniamkia. Adabu tele, sina la kulalamika. Lakini kuna neno moja ulilokuwa ukinipa kila alfajiri, na tangu siku ile hukunipa tena. Wewe hukuninyima. Mimi ndiye niliyekunyang'anya. Nalitaka neno hilo kabla hujaondoka, na ili niliombe kwa haki yake lazima nianze mbali kidogo.

Wakumbuka tumbo langu la zamani? Nilikuwa mtu wa kukaa. Asubuhi mpaka jioni miguu yangu ilikuwa juu ya kanyagio la cherehani, na hiyo ndiyo safari yote niliyoifanya kwa siku. Nami nilijivuna. Hapa Likoni mtu mwenye tumbo alionekana ametulia na mkewe ajua kupika. Mpaka siku niliyoshuka kwenye feri na jora la kitambaa cha marekani begani, nikaanza kupanda kile kilima, nikafika katikati nikakaa chini juu ya jora langu. Wanawake waliojitwika vikapu vya mihogo wakanipita. Mmoja akasimama akaniambia kwa huruma kabisa, "Pole baba. Wataka tujitwike na wewe pia?"

Dresa wa zahanati akanisikiliza moyo, akasema moyo wangu wafanya kazi ya punda. Akaniambia nitembee kila siku. Nikamwambia inshallah. Wajua inshallah yangu ya wakati ule ilikuwa na maana gani.

Ndipo akaja yule Mkorea. Meli yake ilikuwa imeharibika mtambo, ikavutwa mpaka bandarini ikangoja chuma kutoka huko mbali miezi saba. Wenziwe walibaki ng'ambo, mjini, kwenye starehe zao. Yeye alikuwa mpishi wa meli, mtu wa kimya, akavuka akapanga chumba huku kwetu, njia ya kwenda Shelly Beach. Jina lake Pak. Likoni haikuweza kuliacha neno likatike namna ile, ikalitilia irabu, na baada ya siku mbili akawa Bwana Paka. Watoto walimfuata njiani wakilia "nyau." Wewe ulikuwa mmoja wao, usikatae.

Alikuja dukani anataka nguo nyeupe, koti la kufunga kwa mshipi na suruali pana. Upana alionyesha kwa mikono, nami nikaona yuwatia chumvi, nikamshonea suruali kama za watu wengine. Akaivaa nyuma ya pazia, akatoka, akainua mguu. Sikuuona ukienda, niliuona ukirudi, na kofia yangu iliyokuwa imetundikwa msumarini, juu ya kichwa changu, ilikuwa chini. Suruali nayo ilikuwa imepasuka msambani kwa ile sauti ambayo fundi yeyote akiisikia hushituka. Bwana Pak akaniangalia bila hasira.

"Fundi," akasema kwa Kiswahili chake cha bandarini, "nguo kidogo. Mguu mingi."

Wewe ulikuwa mlangoni, ukacheka mpaka ukakaa kizingitini.

Nikamtilia kipande cha pembe nne pale msambani, kipande kisichoonekana mpaka mguu uinuke. Nilipoinama kuiokota kofia yangu nikahema kama niliyekimbizwa. Akanigusa tumbo kwa kidole kimoja. "Hii gonjwa," akasema. "Asubuhi, mimi kuja."

Huo mchezo aliuita taekwondo. Ni ngumi na mateke, na kwao wako wautumiao kwa kupigana. Yeye alitiwa humo na ami yake utotoni, baada ya kuugua mapafu, ili apate pumzi. "Mimi hapana piga mtu," alinambia. "Mimi piga gonjwa." Nikaona hilo halina dhambi, na nikamruhusu aje.

Asubuhi ya kwanza, baada ya sala, tulisimama uani baina ya jiko na mlimau. Wewe ulitoka na ufagio ukajifanya wafagia mahali ulipokwisha kufagia. Ulikuwa na miaka kumi. Bwana Pak akakunja ngumi kiunoni, akavuta pumzi, akapiga ukelele: "Hana!"

Nikangoja amalize. Hakumaliza.

"Hana nini?" nikamwuliza.

"Hana!" akarudia, na mkono ukatoka.

"Bwana, nani hana?" Nikageuka kutazama mlangoni, labda mtu amekuja kuomba.

Ufagio ukaanguka. "Baba! Yuwahesabu!" ulisema. "Hana ni moja!"

Ndivyo tulivyojifunza. Moja kwao ni hana. Mbili wana neno lao ambalo ndimi zetu zililigeuza likawa tuli, na tatu ikawa seti, nne neti, tano tasoti. Bwana Pak alikuwa akitusikia akitikisa kichwa, kisha akazoea, na mwisho naye akawa asema tuli kama sisi. Akatuwekea na desturi. Mmoja ahesabu moja huku apiga, mwenziwe ajibu mbili huku apiga, zamu kwa zamu, mpaka pumzi zenu ziende pamoja. Mimi nikisema hana, wewe wasema tuli. Kila alfajiri, Rukia. Hilo ndilo neno ninalolisema.

Na Bi Mwanahamisi wamkumbuka alivyokuja? Hazikupita siku tano. Aliingia na ungo wa mchele chini ya kanga, akamkabili mamako jikoni.

"Wanifita mimi?" akasema. "Mimi jirani yako, ua wa makuti tu kati yetu! Kila alfajiri namsikia fundi yuwalia na Mola wake: hana, hana! Nami mtele nnao ndani, nitalalaje?"

Mamako akamweleza, mbio mbio, kwa aibu.

"Ati nini? Na yule mtoto amjibuye?"

"Naye yuwahesabu."

"Wallahi mimi nilidhani yuwamtuliza," Bi Mwanahamisi akasema. "Baba alia hana, mtoto amwambia tuli, baba, tuli. Nikasema, mtoto ana imani yule."

Tulicheka wiki nzima. Mchele hatukuurudisha.

Nilikushonea nguo kama ya Bwana Pak, mimi na wewe sare, kwa ile bafta nyeupe tunayoshonea kanzu na kukatia sanda. Mamako aliponiona nimeivaa alishika mdomo. "Wavaa sanda nawe u hai?" Lakini baada ya miezi mitatu alikuwa yeye ndiye anayenipunguzia suruali zangu za kila siku, na hakulalamika tena. Siku moja nikapanda kilima cha feri na jora begani bila kusimama, nikimwamkia kila niliyempita, kwa kuwa pumzi ya kuamkia watu nilikuwa nayo. Sijawahi kuiona Likoni nzuri kama siku ile. Hata moshi wa feri ulinukia.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Chuma cha meli kilipofika na Bwana Pak akaja kuaga, aliinama mbele yako kwanza, mbele yangu baadaye. Nikamwuliza kwa mzaha kwa nini mtoto kabla ya mzee. Akajibu, "Baba nguvu. Mtoto sikia." Alitaka kusema kuwa mimi nina nguvu lakini wewe ndiye msikivu, na usikivu ndio mwalimu autakao. Halafu akasema, "Kwako, hana, hapana kitu. Kwangu, hana, anza." Nilimpa mkono nikamtakia safari njema, na moyoni nikaona wivu. Mtu mzima, na mwanawe wa kumzaa. Nilijiambia ni upuuzi, na hakika ulikuwa upuuzi, lakini haukuondoka wote.

Tuliendelea wenyewe, mimi na wewe, miaka ile mizuri. Kisha ukafika miaka kumi na mitatu, ukawa mwari, na shangazi yako akaanza kuuliza kila ajapo kama ungali watupa miguu uani na nani atakuja kuposa. Sikumjibu. Nilidhani kutojibu ni ushujaa.

Siku yenyewe waijua, lakini waijua kwa upande wako tu. Mzee Abdalla alikuwa amekuja kutoka mjini. Yeye ndiye aliyenipa vitambaa vyangu vyote, ana jina, ana mtoto wa kiume aliyekuwa atafutiwa mke, na siku ile alikaa kwenye baraza ya duka langu na wazee wawili. Nilikutuma kahawa. Ulipokuwa ndani, akanitania.

"Fundi, nasikia kwako kuna ngumi na mateke siku hizi. Na bintiyo pia yumo? Watu wasema yuwakushinda!"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema ndiyo, yuwanishinda. Ningeweza kusema hayo ni mazoezi ya afya, mzee, hata wewe yangekufaa kwa tumbo hilo. Nilitaka wazee watatu wacheke pamoja nami, wasinicheke mimi. Na ule wivu mdogo, niliodhani umekufa, ukanisaidia kuchagua neno.

"Nani, Rukia?" nikasema. "Hana. Hana lolote yule. Mtoto tu alikuwa aniondolea uvivu."

Wakacheka. Nikageuka, nawe umesimama na sinia. Hukumwaga hata tone. Uliwaamkia mmoja mmoja, ukawatilia kahawa, ukarudi ndani, na Mzee Abdalla akasifu adabu yako. Posa yenyewe, kama wajuavyo, haikuja. Kijana yule alioa kwingine.

Alfajiri iliyofuata nilisimama uani nikasema hana. Nikangoja. Mlimau ulikuwa ukidondosha umande, jogoo wa Bi Mwanahamisi akawika, wewe ulikuwa jikoni ukikuna nazi, na hukuinua kichwa.

Lau ningekwenda pale jikoni nikakaa juu ya kibao nikasema nimekosa, mambo yangeisha kabla ya chai. Badala yake nikaingia dukani na nguo yako nyeupe, nikaikata, nikashona foronya. Nilisema nabana matumizi. Mamako alikuwa amesimama akinitazama. "Siku zote wakata kwa futi," akasema. "Leo wakata kwa hasira." Umelalia foronya zile miaka mitatu, na kila nilipoziona kambani zimeanikwa nilipita upande mwingine.

Fahamu kosa langu lilipo, maana nimelifikiria sana. Kukutoa uani kungeweza kusameheka. Ningekwambia, mwanangu, umekua, maneno ya watu ni mengi, tuhamie ndani, ungenuna, ungepoa. Mimi nilikukana. Nilichukua neno ulilonifunza wewe, neno ulilolielewa kabla yangu na ufagio mkononi, nikalirudisha katika maana yake ya umaskini, nikakupiga nalo mbele ya watu. Jino la pembe si dawa ya pengo, na kicheko cha wazee wale hakikuziba kitu kwangu.

Mwezi uliopita nilitoka msikitini mapema kwa sababu ya mvua, nikapitia mlango wa nyuma. Nikasikia sauti ndani ya stoo ya kuni, chini chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa. Hana. Tuli. Seti. Neti. Ulikuwa ukihesabu zote peke yako, yangu na yako. Nilizuia kikohozi mpaka machozi yakanitoka, sijui kama yote yalikuwa ya kikohozi, nikarudi nikakaa barazani mvua ikinipiga miguu. Ulipokwenda shule niliingia stoo. Pale nyuma ya kuni, mahali unapogeukia kwa kisigino, sakafu ya udongo imechimbika ikawa bonde dogo kama la kinu. Hilo si bonde la wiki mbili. Mwanangu amekuwa akijificha kama mwizi katika nyumba ya babake, kwa sababu ya kutaka mwili wenye afya.

Na mimi niliyekuwa mwenye uwanja nimelala. Umeliona tumbo larudi. Nilijaribu kuendelea peke yangu, lakini nikisema hana kisha nijijibu mwenyewe tuli, naona haya mbele ya mlimau. Kwa hivyo sikuusii ufanye mazoezi huko uendako. Utasimama wodini kutwa, utainua wagonjwa wazito kuliko wewe, miguu itawaka moto, na utajua la kufanya. Wewe ndiye uliyeshika na mimi ndiye niliyeacha, basi nitoe wosia kwa mdomo gani?

Nililoweza nimelifanya. Neno la barazani hurudishwa barazani. Wiki hizi, kama uonavyo, nashona bendera tu. Kila mtu ataka yake kabla ya siku ya uhuru, duka limejaa vipande vyeusi, vyekundu na vya kijani, na barazani watu wagombana mwambao huu utakuwa wa nani. Juzi Mzee Abdalla alikuwapo, na wale wazee wawili wote wako hai, alhamdulillahi. Akaniuliza, "Nawe fundi, mbona kimya? Wasemaje?"

Nikaiweka sindano chini. "Nasema hivi," nikamjibu. "Miaka mitatu nyuma mliniuliza hapa habari za Rukia, nami nikasema hana lolote. Nilisema uongo. Alikuwa yuwanishinda, na nilikuwa nalijua."

Wakatazamana. "Fundi," Mzee Abdalla akasema, "sisi twazungumza mambo ya serikali."

"Nami nazungumza ya serikali yangu," nikamwambia. Kahawa siku ile aliileta mamako, akasimama mlangoni mpaka niliposema neno la mwisho, na tangu hapo amekuwa akinipa nyama kubwa.

Chini ya barua hii utakuta nguo nyeupe. Ni bafta iliyobaki kwenye zile kingo nyeupe za bendera, mpya, haijavaliwa. Vipimo nilichukua kwa macho ulipokuwa ukipita, kwa kuwa sikuthubutu kukuita na futi. Kile kipande cha pembe nne kipo pale panapohusika, nimekishona mara mbili. Iwe kubwa kidogo au ndogo kidogo, itakwenda nawe sandukuni, hata kama mamako atalazimika kulifungua mara ya tano.

Kesho baada ya sala ya alfajiri nitakuwa uani. Nimepafagia mwenyewe. Nitasema hana, mara moja tu, kisha nitangoja. Usipotoka sitakuuliza, na stesheni nitakubebea sanduku lako vile vile na kukuombea Mungu vile vile, maana haki yako ya kukasirika sikuikata kwa mkasi. Lakini ukinisikia, mwanangu, usidhani nahesabu. Bi Mwanahamisi alisikia sawa tangu siku ile ya kwanza. Ni baba yuwalia hana, na mtoto wake ndiye amwambiaye tuli.

Babako,
Fundi Bakari